Chungu Kirudi Kitupu

Basi zima la Foshan lilinuka siki, na Leung Gaaming, baba wa kichanga, alikikumbatia chungu chenye kosa hilo. Mama mmoja mnene akamsogelea.

"Makongoro ya mzazi hayo, ya siki, tangawizi na mayai. Unampelekea mkeo?"

"Nayarudisha kwa mama, shangazi. Mke wangu kasema akila kongoro moja zaidi anarudi kwao. Na mama kaapa: chungu kisiporudi kitupu, anahamia kwetu amlishe mwenyewe."

"Ukayamwage, basi."

"Chakula cha mzazi, shangazi?"

"Hapo umesema. Lakini siki hii si ya mzazi peke yake, ndiyo inayowatangazia watu kuna mtoto. Wewe umeikumbatia kama mwizi. Tangaza, bwana."

Gaaming akafunua. Shangazi akatoa vijiti mkobani, kana kwamba aliondoka navyo nyumbani kwa kazi hiyo, akaopoa yai. "Tangawizi changa hii," akalalamika, akaopoa la pili. Abiria wengine nao wakaonja, wakampongeza na kukosoa upishi, hasa waliorudia.

Gaaming aliposhuka na kufika kwao, mama yake alikuwa mlangoni pa nyumba, mikono kiunoni. Akachungulia chungu kitupu, uso ukamchanua.

"Kumbe mkeo anayapenda hivi," akasema. "Nimeshabandika kingine, kikubwa."