Polikarpo, Mkatoliki Aliyeulizia Kibla

Ndugu Polikarpo Albano anastaafu tarehe 30 Juni 1984, baada ya kuitumikia karakana ya ushirika wetu hapa Kinondoni kwa miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1962, akitokea Masasi, kutengeneza redio. Televisheni zilimkuta kazini, wala hazikumbabaisha.

Kwa kuwa Bara hatuna kituo cha televisheni, wenye seti kule Kunduchi na Mbezi hutegemea picha za Unguja, ambazo huvuka bahari na kufika zimechoka. Ndugu Polikarpo alijiwekea utaratibu. Hapandi paa kabla ya kuwasalimu majirani, na katika salamu hizo huchungulia kama kuna cherehani ya umeme au mashine ya kusaga inayotia mistari kwenye kioo. Halafu huuliza kibla. Kutoka Kunduchi, Unguja iko kaskazini na kibla kadhalika. Basi Mkatoliki huyu, rozari shingoni, huingia kila nyumba akiulizia watu wanaswali wakielekea wapi. Wapo waliotangaza kwamba amesilimu. Mkewe, Mama Margareta, alipewa hongera sokoni na hakufurahi hata kidogo.

Utaratibu huo ulimwangusha mara moja, mwaka 1978, kwa Bi Mwanakombo, mjane muuza samaki wa Kunduchi. Mwanawe wa pekee, Mwamvita, aliolewa Unguja, na mama hakuwa amemtia machoni kwa miaka minne. Ikaja habari kwamba Jumamosi Mwamvita angeonekana kwenye televisheni akiimba na kikundi cha taarabu. Seti ilikuwepo, kwani mkwe, ambaye ni baharia, aliiacha kabla ya kuondoka na meli. Picha ndiyo haikuwepo. Zilikuwepo chenga tupu.

Ndugu Polikarpo alielekeza antena kwenye alama ya mkaa ambayo marehemu mume wa Bi Mwanakombo aliichora ukutani kuonyesha kibla. Chenga. Akaondoa pweza waliokuwa wameanikwa kwenye waya. Akakwangua chumvi ya bahari kwenye maungio. Akamwomba fundi cherehani wa jirani apumzike kidogo, naye akapumzika huku akinung'unika. Chenga zikabaki palepale. Kilichosalia ni kuigeuza antena, na hapo mama akakataa katakata.

“Ukiigeuza ndo unanambia marehemu kanikosesha kibla miaka yote hii,” alisema. “Iache, Fundi. Mwanangu nitamwona siku nikijaaliwa.”

Mimi niliyeshika ngazi niliona kazi imekwisha, turudi zetu Kinondoni. Ndugu Polikarpo hakubishana. Alishuka, akazunguka uani, na huko akajikwaa kwenye mawe ya msingi wa nyumba ya zamani, ile ya makuti. Aliyatazama mawe, akautazama ukuta wa nyumba mpya ya matofali. Havikwenda sambamba. Nyumba ya zamani ilikuwa imeelekea bahari, na hii mpya ilijengwa kufuata barabara. Marehemu alipohamia aliichora alama kushoto kwa mlango, kama alivyozoea kule.

Akamwita mama, akamwonyesha.

“Mzee hakukosea, Mama. Nyumba ndiyo iliyogeuka.”

Bi Mwanakombo aliyatembelea mawe yale moja moja, pole pole, mpaka pembeni ulipokuwa mlango. Kisha akasema tugeuze.

Jumamosi Mwamvita alionekana, amerefuka kidogo kwenye kioo, lakini ni yeye, na mimba yake ya miezi mingi ambayo hakuna aliyekuwa amempa mama yake habari zake. Mama alilia na kucheka kwa pamoja. Fundi cherehani alikuwa amezima mashine bila kuombwa. Kesho yake mkeka wa kuswalia nao uligeuzwa.

Yako mengine ya kumsifu, zikiwemo antena alizounda kwa fimbo za mapazia na mifuniko ya sufuria wakati mabomba ya alumini yalipoadimika. Lakini salamu zilizotufikia kutoka Kunduchi zinatosha. Mjukuu wa Bi Mwanakombo, ambaye bibi yake alimwona kwanza akiwa tumboni, amekuja likizo na anafundishwa kuswali, akielekea inakoelekea antena.

Ndugu Polikarpo amejenga Pugu, nyuma ya vilima, mahali ambapo hata yeye hawezi kuipata Unguja. Tunamshukuru kwa utumishi wake na tunamwombea afya na raha tele. Picha hazitamfikia huko, kwa hiyo tutakwenda wenyewe.