Laini Zote za Budeba Masunga

Baba zangu, mama zangu, na ninyi mabwana wa ofisini mliotoka Mbeya mkaja mpaka hapa Igawa: mimi ni Helena, mdogo wake marehemu. Nimeambiwa nisome kwa kifupi. Nitajitahidi, ila anayenikonyeza nimalize amekosea msiba. Kaka yangu hakuwa mtu wa kumkatiza mwenzake.

Marehemu Budeba Masunga alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 huko Maswa, mtoto wa kwanza wa Mzee Masunga. Akiwa na miaka mitano, surua ilimchukua macho yote mawili. Mama alipofariki tulilelewa na Shangazi Ngolo, yule aliyekaa pale karibu na jeneza.

Mwaka 1957 alipelekwa shule ya wasioona ya misheni, Dodoma, akajifunza nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka yanayosomwa kwa vidole. Mwalimu mmoja mgeni alizima taa ya bweni ili walale, Budeba akaendelea kusoma chini ya blanketi. Alipokamatwa alijibu, "Mwalimu, umezima ya kwako." Alichapwa, lakini kwa kicheko. Alimaliza mwaka 1966.

Mwaka 1972 Baba alihamishia ng'ombe huku Usangu, naye akaja nasi. Hapo ndipo maisha yalipomkaba. Kijana mwenye elimu yake akawa mtu wa kuletewa ugali na kuulizwa ameamkaje.

Mwishoni mwa 1975 kampuni moja ya malori pale Mbeya ilitafuta mtu wa swichibodi, ile mashine ya kupokea simu na kuziunganisha. Walikubali kumjaribu, kwa sababu mashine yao ilikuwa na vifuniko vidogo vinavyoanguka simu ikiita, na kidole kinaweza kuvijua. Sharti lilikuwa ajue kitabu cha maelekezo, na kitabu kilikuwa cha wino. Budeba alituma barua Dar es Salaam, Tabora na Dodoma akitafuta cha nukta nundu. Kote walijibu hakipo. Baba alimwambia mbele yetu, "Kajaribu mara moja tu. Ukishindwa, rudi ukae, usituhangaishe tena." Baba, unisamehe, lakini ulisema.

Basi akakiazima kile cha wino, akaenda Iringa mpaka Kalenga, kwa Mwalimu Yotamu aliyemfundisha zamani na sasa amestaafu. Januari nzima ya 1976 Mwalimu alisoma kwa sauti, na Budeba akatoboa nukta kwa kibao na sindano yake. Kitabu cha wino wakakirudisha Mbeya kwa mkono wa dereva wa kampuni.

Alirudi Jumamosi tarehe 7 Februari, jaribio likiwa Jumatatu mchana. Mvua ilikuwa imelowesha mzigo wake juu ya basi. Alishukia hapa Igawa kwa Shangazi, akazitandaza karatasi zake, akasema, "Shangazi, sitatulia mpaka laini zote zikae sawa." Alikuwa anasema laini za simu. Shangazi, ambaye Kiswahili amekiokota gulioni, alijua laini moja tu, ya nguo iliyopigwa pasi.

Budeba alipojinyoosha kidogo, Shangazi aliziona karatasi zimeota vipele. Akawasha mkaa. Mimi narudi kisimani, namkuta anamalizia.

"Nimezifanya laini zote, baba," alisema kwa furaha. "Hata moja haijabaki."

Budeba alipitisha vidole kwenye karatasi ya kwanza. Akaenda ya pili, akazipekua zote haraka haraka mpaka ya mwisho. Shangazi alitutazama, akaanza kuelewa, akakaa chini na pasi yake. Jamani, niliogopa! Maneno ya Baba yalikuwa yananigonga kichwani: rudi ukae.

"Shangazi," akasema mwishowe, "pasi umepiga vizuri. Nipe kibao changu."

Kutwa ya Jumapili alitoboa upya, kwa kile ambacho mkono wake ulikikumbuka. Shangazi alimshikia karatasi huku analia, naye akamtania asizilowanishe tena, mkaa umekwisha. Zote zilirudi isipokuwa moja, ile ya namna ya kukata laini watu wakimaliza kuongea. Hiyo ilikataa kabisa.

Jumatatu nilimsindikiza. Bwana Philbert, mkuu wa ofisi, alimpa simu za kuunganisha, akaunganisha zote. Halafu mazungumzo yakaisha, na Budeba amekaa tu na waya mkononi.

"Mbona hukati?"

"Karatasi ya kukata imepigwa pasi, Bwana. Ngoja waweke chini wenyewe."

Tukasubiri. Waliokuwa wanaongea wakaweka simu chini, ndipo naye akachomoa waya. Bwana Philbert akacheka mpaka akatoa leso. "Aanze kesho," akasema.

Kukata laini alikuja kufundishwa wiki hiyo hiyo, ila ile karatasi hakuitoboa tena, akaitunza hivyo hivyo. "Hiyo ni ya Shangazi," alikuwa anasema. Na hakumkatia mtu simu kamwe; alisubiri mwenzake aweke kwanza. Wasioona waliotafuta vitabu vya mashine walimfuata, naye akawatobolea.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Leokadia, wakajaliwa mtoto, Shigela. Julai mwaka huu, 1979, alianza kuvimba miguu. Wakasema ni figo. Baba alikwenda hospitali Mbeya, akamshika mkono. "Mwanangu, rudi nyumbani." Budeba akamuuliza, "Nirudi nikae?" Baba akalia mbele za watu. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 14 Septemba.

Ameacha mjane, mtoto, baba, Shangazi na mimi. Leo asubuhi Shangazi amempigia pasi shati lake la mwisho, na ile karatasi laini amemwekea mwenyewe chini ya vidole.

Kaka, sisi hatukati. Weka wewe kwanza, upumzike kwa amani.