Macho Niliyoyafungia Ndani

Asalaam alaikum, ndugu zangu! Sifa njema zote ni za Mola, aliyenikalisha leo mbele yenu, nikiwatazama nyuso zenu na kumjua kila mmoja. Mimi ni Mesalimu, mjane wa hapa Msambweni, mshona kofia. Waume zenu wengi huenda msikitini Ijumaa na kazi ya mkono wangu kichwani, na wengine hata dua hawaniombei, lakini hayo tuyaache.

Mwaka ule duka la pale njiani lilipotundika picha ya Malkia mpya wa Waingereza, mimi nilikuwa sina mtu. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, mtoto hatukujaaliwa, ndugu zangu wa damu wamehamia Tanga. Nilikuwa na sindano, uzi na macho, basi. Mnazijua kofia zile za vitobo: kila kitobo kinazungushiwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Macho yakikosea, kofia imeharibika, na mimi nalala na njaa.

Ng'ambo ya kijia alikaa Mwanasha, msuka mikeka, naye peke yake, mwanawe yuko Majoreni. Siku moja aliishika kofia yangu, akaigeuzageuza, akaniambia nina macho makali. Akairudisha, akaenda zake. Hakusema mashaallah! Huenda aliisema kimoyomoyo, lakini mimi sikuisikia, na neno lile lililokosekana likanikaa kooni. Hazikupita siku nyingi macho yakaanza kuwasha na kutoa machozi, kichwa kikawa kinaniuma kila alasiri. Nikasema ni kijicho. Nikamwambia kila mwanamke niliyemkuta kisimani.

Kisha nikafanya ujinga wangu mkubwa. Nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia, asije mtu akaniona nikishona. Nikashona kwa kibatari mchana kutwa, kitambaa nimekisogeza puani, moshi wote machoni. Kadiri yalivyouma ndivyo nilivyojificha, na kadiri nilivyojificha ndivyo yalivyouma. Mwanasha alikuwa akipita na kupiga hodi. Mimi kimya, mpaka nyayo zake ziishe. Mwalimu wa chuoni aliniandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikalinywa, moyo ukatulia. Lakini nikirudi nyumbani nafunga mlango vilevile. Zilipita siku nzima sauti yangu nikiisikia katika sala tu. Ndugu zangu, upweke ule simwombei hata adui yangu.

Ikaja kofia ya bwana harusi wa Gazi. Nilikuwa nimebakisha safu moja. Uzi na kitambaa vikawa weupe mtupu, sioni kipi ni kipi, nikaisukuma sindano ikaniingia kidoleni. Damu ikamwagika juu ya kofia ya watu, na mimi naipapasa kwa vidole bila kuiona. Nilisujudu palepale, nikamwambia Mola kwamba kama ameyachukua macho haya, anichukue na mimi. Nikalia kwa sauti.

Mlango ukasukumwa. Pale penye mwanga akasimama mtu asiye na uso. Nikauliza ni nani.

"Ni mimi, Mwanasha. Dada, humu unashonaje?"

Alinishika mkono, akanitoa mpaka barazani kwake, akanifunga kidole, akaniosha macho kwa maji ya mtungini. Kisha akanambia neno ambalo nawapa leo bure.

"Macho huchoka kama miguu. Wewe umeyachuchumaza chumbani mwaka mzima. Yapeleke mbali yakajinyooshe."

Alinitandikia kaniki yake nyeusi mapajani, chini ya kitambaa cha kofia, na vile vitobo vikatokea vyeusi, kila kimoja mahali pake. Akanikataza kushona kwa kibatari. Akaniagiza nikimaliza ua moja la vitobo, niinue uso nitazame vilele vya minazi mpaka makuti yaonekane moja moja, nipepese, ndipo nirudi kwenye sindano. Mwenyewe alikuwa akifanya hivyo na ukili wake, ule msuko wa mkeka, tangu usichana. Haikuwa siku moja wala wiki moja. Lakini kichwa kiliacha kuuma, machozi yakakauka, na kofia ya Gazi nikaishona upya, ikafika kabla ya ndoa. Alhamdulillahi!

Nilikuja kumwambia yote niliyomsema kisimani. Akaendelea kusuka.

"Niliyasikia," akasema.

"Basi mbona ulikuja?"

"Ulikuwa unalia."

Ndugu zangu, nilimwomba Mola dawa, naye akanitumia yule yule niliyemkimbia! Miaka miwili tulikaa baraza moja, yeye na ukili, mimi na sindano. Kisha mwanawe akaja kumchukua. Alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya magunia. Nilisimama barabarani nikimtazama: uso wake, kisha leso yake, kisha mkono tu unaopunga, mpaka lori lilipopinda.

Nimebaki peke yangu tena, siwafichi, na jioni hunilemea. Lakini sijifungii. Nawe dada mwenye maumivu, usiyafungie ndani. Mtegemee Mola, na anayekupigia hodi mwitikie. Namshukuru Yeye aliyenirudishia macho, nikamwona rafiki yangu akienda, nikamwona mpaka mwisho.