Wilbroad Kasimiri, Fundi wa Mitandao, na Sababu ya Kuzikwa Tura

Baba Padri, Baba Mkubwa Masolwa, ndugu na majirani mliotoka Puge na Gongoni, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Levina, mdogo wake marehemu. Tangu matanga yaanze mmeuliza swali moja, nanyi mna haki ya kuuliza: kwa nini mtu wa Puge, ambaye baba na babu yake wamelala Puge, anazikwa hapa Tura, nyuma ya zahanati, kando ya kaburi lisilo na jina? Familia imenituma nijibu, bila kuongeza wala kuficha.

Marehemu Wilbroad Kasimiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Puge, wilayani Nzega, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kasimiri, ambaye ni marehemu, na Mama Asnath, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Alikuwa mtoto wa adabu hadi ikawa kero. Akitumwa maji alisimama kila nyumba kuamkia, na ndoo ilifika nyumbani jua likiwa limeinama. Mama alimwuliza, "Wewe nilikutuma maji au shikamoo?" Akajibu, "Mama, wameitika. Ningewaachaje?"

Alisoma shule ya msingi Puge kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Tabora, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Mwaka 1999 alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa kompyuta, akarudi na cheti mwaka 2001.

Kwa miaka mingi aliajiriwa na kampuni moja ya kufukia nyaya za mawasiliano. Alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wetu wakienda pwani na kurudi. Mwaka 2014 alifungua karakana yake Gongoni. Hapo ndipo Baba Mkubwa Masolwa alipomwuliza mbele yetu sote, "Mwanangu, hiyo mitandao mnayoisema ni mingapi? Mimi naujua mmoja tu, nao kila siku haupo."

Marehemu alicheka, kisha akaeleza. Alisema upo mtandao wa mtu mmoja, kama simu yako na kile cha kuvaa sikioni, ambao hauvuki hatua chache kutoka ulipokaa. Upo mtandao wa ndani, unaounganisha mashine za nyumba moja au ofisi moja. Huo una mwenyewe mmoja, una kasi kubwa, na asiyekuwa ndani haonekani. Upo mtandao wa mji, unaounganisha majengo ya mji mmoja, kama alivyounganisha yeye ofisi za kanisa hapo Tabora. Na upo mtandao mpana, unaovuka mikoa na bahari. Intaneti yenyewe ni ya aina hiyo. Huko unapita kwenye nyaya za watu usiowajua, na anayekujibu anaweza kuwa popote duniani.

"Kwa hiyo kwenye huo mpana mtu anaweza kunijibu nisimjue?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Lakini kwenye mtandao wa ndani, akikujibu mtu, jua yumo humo ndani."

Naomba mlikumbuke neno hilo.

Tarehe 7 Oktoba 2006 alifunga ndoa takatifu na Apolinaria. Mungu akawajalia watoto wawili, Justini na Advera. Shemeji yetu husema mume wake hakuwahi kupandisha sauti nyumbani, ila siku moja tu, alipokuta waya wa kompyuta umefanywa kamba ya kuanikia kanga.

Mwezi Juni 2023 aliitwa kuweka mtandao wa ndani katika zahanati hii ya parokia. Ulikuwa wa mashine sita, wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Padri hakutaka siri za wagonjwa zitoke nje, hivyo haukuunganishwa na intaneti wala kupewa waifai. Kila mashine aliipa namba yake, kuanzia 11 hadi 16. Alifukia waya mmoja wa akiba kuelekea chumba cha mwisho, kwa ajili ya mashine ya saba ambayo mpaka leo haijanunuliwa. Ncha ya waya huo aliiacha chini ya sakafu, udongoni.

Fundi wa mitandao ana njia ya kujua kama mashine ipo. Hutuma ujumbe mfupi kwa namba yake, na mashine ikiwa hai hujibu. Marehemu aliita kazi hiyo kubisha hodi. Mafundi wengine hubisha kwenye namba walizozitoa tu. Yeye, kwa ile tabia yake ya Puge, alibisha zote, moja hadi mia. Mchana wa siku aliyomaliza kazi, zilijibu saba. Sita zilikuwa zake. Ya saba ilikuwa namba 63, ambayo hakuwahi kuitoa.

Muuguzi Sakina, ambaye yupo hapa, alikuwa amesimama mlangoni. Anasema marehemu, akibisha kwa kompyuta yake ya mkononi, alichomoa mashine moja baada ya nyingine, sita zote, na 63 ikaendelea kujibu. Ilinyamaza alipochomoa ule waya wa akiba tu.

"Fundi, mwisho wa waya huo kuna nini?" Sakina aliuliza.

"Hakuna kitu, dada. Kuna udongo."

Walivunja sakafu kwa ruhusa ya Padri. Kwenye kina cha mkono mmoja walikuta mifupa ya mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, hakuzikwa kwa utaratibu wa mtu yeyote. Alikuwa na jembe la zamani na shanga chache za buluu. Wazee wa Tura walisema ni mpagazi. Hapa ndipo misafara iliyotoka pwani ilipoanza kukanyaga Unyamwezi baada ya pori kubwa. Huyu alifika mlangoni kwao, akaachwa. Serikali ya kijiji ilijulishwa, na tarehe 19 Agosti 2023 Padri akamzika kwa sala hapa mnapopaona. Ule waya ulikatwa na kutupwa.

Namba 63 iliendelea kujibu.

Marehemu hakulisema jambo hili kwa watu. Alimwambia mkewe, mimi, na fundi mwenzake Prosperi Nibitanga wa Ulyankulu. Nibitanga alimwambia, "Achana nayo, kaka. Usibishe tena." Lakini kila alipokuja Tura kukagua mashine, alibisha, na alijibiwa. Aliagiza misa tatu za marehemu huyo asiyejulikana, na nilihudhuria zote.

Mwezi Februari 2025 alianza kuvimba miguu. Hospitalini walisema ni figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa uvumilivu mkubwa, rozari mkononi. Mwezi Oktoba alituita mimi na Apolinaria, akasema, "Nizikeni Tura." Shemeji alilia, akamwuliza watoto watakuja kupalilia kaburi la baba yao Tura kwa nauli gani. Akasema, "Mama Justini, nyumbani kwetu, mtu akibisha hodi akakaribishwa, anaondoka bila kuingia?"

Sote tumelelewa kujua kwamba kufanya hivyo ni kuiachia nyumba ile mkosi, na kujiletea mwenyewe.

Alipokea mpako wa wagonjwa, akafariki dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka 46, miezi saba na siku 28.

Baba Mkubwa alikataa. Alisema mbele ya wote, "Mtu wa Puge analala Puge. Siwezi kumtupa mwanangu njiani kama walivyotupwa hao wapagazi." Juzi, Jumatano, alikuja mwenyewe hapa zahanati akifuatana na Nibitanga, mchana kweupe, akataka aoneshwe. Nibitanga alibisha namba 63 kwenye kompyuta. Ikajibu. Akabisha tena. Ikajibu. Baba Mkubwa alivua kofia yake, akasema, "Chimbeni."

Jana saa nane mchana mwili uliwasili, ukalazwa chumba cha mwisho. Nibitanga alibisha namba zote, moja hadi mia. Zilijibu sita. Alirudia mara nne. Sita. Sakina alimwuliza kama kuna kilichoharibika. Baba Mkubwa ndiye aliyejibu: "Hakijaharibika kitu, mwanangu. Mgeni wake ameshafika, atamkaribisha nani tena?"

Marehemu ameacha mjane, Apolinaria. Watoto, Justini na Advera. Mama mzazi, Asnath. Baba Mkubwa Masolwa. Mimi mdogo wake. Na mafundi wengi aliowafundisha kazi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jumuiya ndogo ndogo na watu wa Tura waliotupa ardhi. Tuna ombi moja, na tunaliandika ili lisisahaulike. Kwa fundi yeyote atakayekuja kuhudumia mashine za zahanati hii baada yake: namba 63 isipewe mashine nyingine. Wala usibishe hodi pale. Tunakuomba usijaribu hata mara moja, maana hatujui sasa ni nani ataitika.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Awapokee wote wawili, na wapumzike kwa amani. Amina.