Marubani Wanataka Chama, Kijiwe Kinamtafuta Mnoko

Pale Picha ya Ndege, Kibaha, ndege hazitui na hazijawahi kutua. Kilichopo ni benchi lililopigwa kwa mbao za makreti, limeegemea ukuta wa duka la kuchajia simu, na mbele yake Seif na birika lake la shaba juu ya makaa, kashata za karanga zimepangwa kwenye sinia. Watu wa benchi lile hawaamini kitu. Ukisema mvua imenyesha Mlandizi, watakuuliza wewe umejuaje, na nani amekutuma uje kuwaambia. Mwisho wa benchi, upande wa ukutani, kuna nafasi ya mtu mmoja ambayo siku hizi haikaliwi. Hakuna aliyekataza mtu kuikalia, ila kila anayefika huwakanyaga wenzake miguu kuliko kwenda kukaa kule.

Mwalimu Hilario alifika jioni ile ya Ijumaa akiwa na jambo, na wenzake walilijua tangu alipokuwa ng'ambo ya barabara, maana Mwalimu akiwa na jambo hutembea mikono nyuma kana kwamba anasimamia mtihani. Alikwishastaafu siku nyingi, lakini mikono ilikataa kustaafu. Binti yake Redempta, rubani msaidizi wa shirika dogo la ndege liitwalo Mikoko Air, alikuwa amekuja nyumbani tangu jana. Asubuhi, wakimenya mihogo, alimwuliza baba yake swali, na baba akasema ngoja nitafakari. Kutafakari kwenyewe ndiko huku kijiweni.

– Kuna kijana mmoja namfahamu, Mwalimu alianza, akipokea kikombe. Ni rubani.

Isihaka na Maige, wenzake wa benchi, wakatazamana. Kijana huyo picha yake, na kofia yake ya kazi, imebandikwa kwenye ubao wa parokia, na Mwalimu huwapeleka wageni kuitazama hata kama hawajaomba. Lakini heshima ni heshima, wakamwacha aseme.

– Kijana huyo yukoje? aliuliza Maige, kwa adabu kabisa.

Mwalimu akaeleza. Mikoko Air inasemekana itaungana na shirika jingine dogo kama hilo, Kilele Air. Marubani wana foleni yao: aliyeajiriwa mapema ndiye wa kwanza kupanda cheo na wa mwisho kupunguzwa. Sasa mashirika yakiungana, foleni mbili zinakuwa moja, na hakuna aliyewaambia watu wa Mikoko watasimama wapi, mbele au mkiani. Kwa hiyo wengine wanasema tuanzishe chama cha wafanyakazi sasa hivi, kabla karatasi hazijasainiwa. Wengine wanasema tukianzisha sasa tutaonekana wakorofi, tutapunguzwa sisi kwanza. Kesho wanakutana kuamua, na huyo kijana ameombwa asimame awe katibu.

Hapo Mwalimu alinywa kahawa yote kwa mkupuo, ikamuunguza, akajikaza.

– Mimi naona mchongo wote uko Kwala, alisema Isihaka.

Kwa Isihaka kila mchongo uko Kwala. Anaendesha foklifti kwenye bandari kavu ya huko, wanamwita Kontena, na hata mke wake alipojifungua mapacha alisema ni kwa sababu ya mizigo kuongezeka Kwala. Alieleza kwamba mashirika mawili madogo hayana sababu ya kuungana ila wameahidiwa kubeba mizigo ya pale. Mwalimu akamkumbusha kuwa ndege zenyewe zinabeba watu kumi na wawili na begi zao, kontena haliingii hata mlangoni.

– Si ndiyo hapo sasa, Mwalimu. Kama haliingii, kwa nini hawasemi kuwa haliingii? Wanaficha nini?

Maige alicheka kidogo, kisha akaacha. Huyu alikuja Pwani na ng'ombe wake kutoka Usukumani, wanamwita Bwana Zizi, na ameuziwa mifugo ya wizi mara nyingi kiasi kwamba sasa akipewa salamu anaitafakari kwanza. Yeye alisema mwenye Mikoko na mwenye Kilele ni mtu mmoja. Aliwahi kununua fahali wawili kwa watu wawili, mnadani, wakishindana bei na kutukanana mbele yake, kumbe ni ndugu wa tumbo moja na wanalala chumba kimoja.

– Na hicho chama, akaendelea, ni yeye huyo huyo amekianzisha.

– Mwenye shirika aanzishe chama cha kumbana mwenyewe? Mwalimu aliuliza.

– Ili aone nani ananyoosha mkono. Wewe unataka kujua ng'ombe gani mkorofi, unafanyaje? Unaacha mlango wa zizi wazi, unakaa pembeni. Wa kwanza kutoka ndiye huyo.

Mwalimu hakulipenda neno hilo. Lilimwingia na kukaa. Alijaribu kulitoa kwa kuwasimulia jambo zuri, lile aliloambiwa kwenye mihogo na ambalo lilimpa raha siku nzima. Kule mbele kwenye ndege wanakaa wawili, kapteni na msaidizi. Msaidizi akiona kapteni anakosea, anamwambia. Asipojibiwa, anarudia. Akikaa kimya hata mara ya pili, msaidizi anatamka wazi, naongoza mimi, anashika usukani.

– Hata kama kapteni ni mtu mzima? Maige aliuliza.

– Hata kama ana mvi za babu yake. Mtu asiyejibu mara mbili anahesabiwa kwamba hayupo.

Maige alitikisa kichwa, akasema ndege ya namna hiyo hapandi. Lakini Isihaka alikuwa ameshainuka nusu, macho yamemtoka. Akasema mambo yote sasa yameungana. Kule Kurui, Kisarawe, si walikuja watu na kidude cha kuruka, wakapima mashamba ya mikorosho toka asubuhi? Kile kidude kilikuwa na rubani? Hakikuwa naye. Basi. Msitu wa kule utafyekwa, utakuwa uwanja wa ndege zisizo na watu, na kitu pekee kinachowazuia ni hawa waliofundishwa kunyang'anya usukani.

– Kwa hiyo wanawaacha waungane, alisema kwa sauti ya chini. Wakishakuwa chama kimoja, sehemu moja, wanafukuzwa kwa barua moja. Wanaokoa hadi wino.

Seif, ambaye kazi yake ni kumimina na kunyamaza, alisema kwamba wino siku hizi si ghali. Hakuna aliyemsikiliza.

– Huo mkutano wenyewe wanafanyia wapi? aliuliza Isihaka.

Mwalimu alifungua mdomo amjibu. Jina la ukumbi lilikuwa ulimini, Ukonga, nyuma ya kanisa. Akaufunga.

Kila mtu alijua kwa nini. Ile nafasi ya ukutani ilikuwa ya Castory, fundi wa kiwanda kimoja cha mabati huko Zegereni. Ni hapa hapa, mvua za mwanzo, Castory alipowaambia kwamba mvuke wa dawa za kuchovyea bati unawakohoza vijana damu, na kwamba Jumatatu yeye na wenzake wangeingia kwa meneja pamoja. Jumatatu ilipofika, alizuiliwa getini peke yake. Mtu alikuwa amepeleka maneno. Labda ni mwenzake wa kiwandani, labda ni mlinzi, labda ni mtu aliyekunywa kahawa kwenye benchi hili. Tangu hapo kijiwe kimejadili mnoko ni nani mpaka kikachoka, kisha kikaanza kumjadili mmoja mmoja, kila mara yule ambaye hajafika.

– Nimeuliza tu, Isihaka alisema.

– Na mimi nimenyamaza tu, alijibu Mwalimu.

– Hapana. Umeninyamazia. Sema, Mwalimu. Unadhani ni mimi?

– Mbona na siku ile ya Castory wewe ndiye uliyeuliza wataingia saa ngapi? alisema Maige.

– Na wewe ndiye unayemuuzia meneja maziwa.

Mwalimu hakuwa anawaza tena nani alipeleka maneno ya Castory. Alikuwa anawaza kwamba siri ya mwanawe ameileta mwenyewe, kwa miguu yake, akaimwaga mahali palepale ilipomwagwa ya Castory, kwa kuwa tu aliogopa kumjibu mtoto peke yake. Aliona aibu, na woga ukapanda juu ya aibu. Akaamua palepale kwamba akirudi nyumbani atamwambia asiende mkutanoni kabisa.

Gari dogo jeupe likasimama kando ya barabara. Akashuka Redempta, kitenge kiunoni, ndala miguuni, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari na baba hapokei simu.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, waliitikia kwa pamoja, kwa uchangamfu wa watu waliokaribia kushikana mashati.

Seif akamsogezea kikombe. Redempta akalitazama benchi, watu watatu wamebanana upande mmoja, akaenda kukaa kwenye nafasi ya ukutani. Mwalimu alitaka kusema usikae hapo, akakosa sababu ya kutaja.

– Anko Castory yuko wapi? Redempta aliuliza. Sijamwona toka nimekuja.

Castory ndiye aliyemtengenezea sanduku la bati alipokwenda shule ya bweni, akamwandikia jina kwa misumari. Redempta bado analo, ndimo anamoweka viatu vya kazi.

Isihaka akasema nadhani alionekana Kwala. Maige akasema yeye alisikia Kurui, kwa dada yake. Seif akasema si Mlandizi? Kisha kila mmoja akaangalia kikombe chake.

– Nauliza tena, alisema Redempta. Anko Castory yuko wapi?

Mwalimu aliisikia hiyo mara ya pili, akajua imetoka wapi. Alitafuta jibu. Namba ya Castory alikuwa nayo, Maige alikuwa nayo, Isihaka alikuwa nayo. Lakini siku ile ya kwanza kila mtu aliona kwamba atakayekuwa wa kwanza kumpigia ndiye atakayeonekana dhamira inamsuta, na hivyo hakupiga mtu. Siku ya pili ikawa vibaya zaidi. Hata sasa, akiwa mzee wa kanisa na baba wa mtu, alikuwa anaangalia Maige na Isihaka wanamtazamaje.

– Basi napiga mimi, alisema Redempta. Baba, nipe namba.

Akapewa. Akaweka sauti kubwa, simu juu ya sinia, kando ya kashata. Ikaita mpaka wakadhani haitapokewa.

– Haloo?

– Anko, ni Redempta. Yule wa sanduku.

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichoishia kwenye kikohozi kirefu. Castory alikuwa Kurui, kwa dada yake, analima mihogo. Aliuliza habari za ndege, akauliza kama lile sanduku halijashika kutu. Kisha akasema:

– Nani amekwambia nimeondoka?

– Hakuna aliyeniambia, anko. Ndiyo maana nimepiga. Niko kijiweni, nimekaa pale kwako. Baba yupo, na Baba Maige, na Isihaka, na Seif.

Kila mmoja aliitazama simu, akimngoja mwenzake aanze.

– Wasalimie, alisema Castory, na simu ikakatika, au aliikata.

Redempta akaichukua, akaifuta unga wa karanga kwa ncha ya kitenge. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza baba yake.

– Baba, asubuhi nilikuuliza nikubali ukatibu au nikatae, ukasema unatafakari. Sasa nakuuliza jingine. Mimi nikisimama kesho, wakanifukuza, mtu akija hapa akiuliza Redempta yuko wapi, mtamjibu nini?

Isihaka alianza kutaja Kwala, akaishia njiani. Maige alikuwa ameinamia mikono yake.

Mwalimu akasimama. Alijikuta mikono iko nyuma, akaileta mbele.

– Jumapili baada ya misa nakwenda Kurui, alisema. Anayetaka aje, asiyetaka akae hapa aendelee kujiuliza mnoko ni nani.

– Kuna nafasi garini? aliuliza Maige.

– Ipo, baba, alijibu Redempta.

– Mtapita njia gani? aliuliza Isihaka, kisha akasikia alichouliza, akashika kichwa. Jamani, nauliza kwa ajili ya kuja.

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyemkaripia. Mwalimu akamgeukia binti yake. Alikuwa angali anaogopa. Maneno ya Maige ya mlango wa zizi yalikuwa bado yamemkaa kifuani, na hakuwa na hata moja la kuyapinga.

– Kesho nyoosha mkono, alisema. Na wakikufukuza, mimi nitajua ulipo.

Redempta alipokea kikombe kitupu mkononi mwa baba yake, akakirudisha kwenye sinia. Seif aliinamisha birika ammiminie Mwalimu kingine, likatoa masimbi matupu, kahawa imekwisha.