Warigia na Wanawake Kumi na Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Warigia Kinuthia wa Langas, aliyefanya kazi ya bima ya afya hapa Eldoret kwa miaka ishirini na miwili. Narudia: bima ya afya, miaka ishirini na miwili. Tulimzika Jumamosi, kule Kiplombe.

Warigia hakuwa mtu wa kubembeleza. Bintiye Wangeci anacheka akikumbuka: "Asubuhi Mama alikuwa akituuliza, 'Umekula? Umeoga? Basi toka.' Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake."

Enzi hizo alikuwa akikaa kwenye dirisha la bima hospitalini. Siku moja akaja Abdirahman, dereva wa lori, na mkewe Zeinab, mja mzito. Daktari alishasema Zeinab afanyiwe upasuaji saa hiyo hiyo. Bima ya familia ilikuwepo. Lakini jina la Zeinab halikufanana na la mumewe, na kampuni ilikuwa na sheria: majina yasipofanana, mke hapewi jibu ila moja. Hapana.

"Kama ni mkeo, mbona hatumii jina lako?" Warigia akauliza.

"Mama, kwetu Wasomali mwanamke haachi jina la babake. Anaolewa yeye, jina linabaki kwao. Na wewe, huyu Kinuthia kwenye beji yako ni mumeo?"

"Ni baba yangu."

"Basi hata huyu ana baba."

 Warigia akampigia simu mkubwa wake. "Pitisha."

"Ukikosea, Warigia, kazi huna."

"Cheti cha ndoa utaletewa kesho. Mtoto hangoji cheti. Pitisha, andika ni mimi."

Zeinab akapelekwa kupasuliwa. Mama akapona, mtoto akapona.

Mwingine angeenda nyumbani akijisifu. Warigia alifungua faili za nyuma. Akahesabu wanawake wa Kisomali aliowarudisha yeye mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Kumi na mmoja. Nasema tena, kumi na mmoja. Wikendi baada ya wikendi alivaa raba zake akawatafuta, duka kwa duka, mpaka Cheptiret. Mmoja alimwambia mlangoni, "Sasa ndiyo umekuja?" Akajibu, "Nimechelewa. Nisamehe." Ilichukua miaka miwili ya kugombana na wakubwa, lakini sheria ile iliondolewa.

Tisa aliwapata. Wawili hakuwapata.

Kwa Wangeci na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tujiulize: ni nani tumemrudisha nyumbani kwa sababu tu desturi yake hatuijui?

Wangeci ametuomba tuseme jambo hili hewani. Kama wewe ni mmoja wa wale wawili, na unatusikia, nyumba ya Mama Wangeci pale Langas iko wazi wiki hii yote. Hutaulizwa kitambulisho. Kuna chai, na kuna samahani ambayo mwenyewe hakuwahi kukufikishia.