Kengele ya Maji ya Mzee Msellem

Marehemu Mzee Msellem Talib Masika, tuliyekusanyika leo kumwombea dua, alizaliwa Vitongoji tarehe 14 Machi 1957. Alisoma Kurani chuoni kwa babu yake, kisha skuli ya hapo hapo hadi darasa la nane. Huko aliifungua saa ya mwalimu mkuu ajue inavyokwenda, akatandikwa. Miaka kumi baadaye mwalimu yule yule alimpelekea saa hiyo aitengeneze. Aliipokea kwa adabu zote, kisha akacheka wiki nzima.

Mwaka 1979 alifungua kibanda cha ufundi redio Chake Chake, na mwaka 1984 alimuoa Bi Saada Ishak wa Mgogoni.

Maji ya mtaani hayakuwa na saa. Bi Saada alishinda na ndoo zake mferejini, kwenye bomba la mtaa, akiyangoja. Mwaka 1991 mama yake aliugua, naye akachelewa kuondoka kwa kungoja maji ya wanawe. Alipofika Mgogoni, mama keshazikwa.

Jambo hilo lilimuuma sana marehemu. Miezi mitatu aliyafuata mabomba mtaa mzima, sikio kwenye chuma, akiyachora daftarini. Kisha akatia boya la chupa ndani ya tangi la mtaa, akaliunga na kengele ya simu mbovu. Maji yakiingia, inalia. Isipolia, kila mtu yuko kwenye shughuli zake.

Bwana mmoja wa ofisi ya maji alimjia juu. "Fundi, kakuruhusu nani?"

"Maji yenu, bwana. Kengele yangu."

Bwana yule alikunywa chai, akaomba kulinakili daftari.

Sukari ilimwanza mwaka 2018, ikamdhoofisha miguu na macho. Hata hivyo, kengele ikilia aliuliza kitandani, "Saada, ushasikia?"

"Nishasikia, Baba Nahla."

Alifariki Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, baada ya Alfajiri. Maji yalikuwa hayajatoka siku mbili, na jamaa walikuwa wakishauriana wapate wapi ya kumkoshea kabla ya kumzika. Kengele ikalia. Watu wakatoka mbio na ndoo, kama walivyozoea. Bi Saada akasimama mlangoni.

"Ndoo ya mwanzo yake yeye."

Hakuna aliyekinga kabla yake.

Ameacha mjane, watoto wawili, Nahla na Seif, wajukuu watano, na kasha la kengele ambalo hakulitia kufuli, ili anayetaka kujua alifungue. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, na amnyweshe maji ya Kauthar, mto wa Peponi, bila kumngojesha.